Machela Iliyonifikisha Tosamaganga

Sisi wa juu tukiulizwa kwetu wapi husema Kalenga, kwa sababu Kalenga inajulikana. Ndiko yalikokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndiko liliko fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na kutoka Iringa mjini gari hufika upesi. Lakini kwetu hasa ni mlimani, kijiji cha kaya chache ambacho gari halipandi bila sababu: kuna viazi vya kubeba, au kuna msiba wa mtu mwenye uwezo.

Uchungu wa mtoto wangu wa pili ulinianza usiku, kifuku kimekolea. Lori la viazi, ambalo ndilo basi letu, lilikuwa halijapanda tangu mvua zishike. Udongo mwekundu kwenye kona ya mianzi ulikuwa ukiteleza kama sabuni. Kijana wa bodaboda alijitolea. Bibi mkunga akanipapasa tumbo, akakataa: mtoto amekaa vibaya, huyu hapandi pikipiki. Akaagiza machela.

Machela ya kwetu ni mianzi miwili na blanketi lililofungwa kamba. Wanaume wanne hubeba, wengine hufuata nyuma ili kupokezana. Hao wengine ndio waliokosekana. Vijana walikuwa Mafinga wakipasua mbao, Ipogolo, Dar es Salaam. Walionibeba ni watu wazima, mmojawapo baba mkwe wangu, ambaye kwa heshima za kwetu hata kupishana naye njiani naona haya. Aliweka bega chini ya mwanzi, akatazama mbele, na njia nzima hakugeuza uso. Wifi alitangulia na tochi ya simu akiwaonyesha pa kukanyaga. Nilipopiga kelele walisimama. Nikawaambia, twendeni, baba.

Chini tulikuta gari. Hospitali ya Tosamaganga walinipokea, nikafanyiwa upasuaji, nikatoka na binti yangu mzima. Namshukuru Mungu, na mabega yale sitayasahau.

Baada ya hapo nilianza kuitazama barabara kwa jicho jingine. Mwenye gari hapandi kwetu kwa kuwa abiria hawajazi. Vijana wanashuka kwa kuwa hakuna gari, na kila anayeshuka anapunguza abiria, anapunguza na wabebaji wa machela. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Iringa na watu 941,238. Ya 2022 ikawakuta 1,192,728. Mkoa unajaa, huku juu nyumba zinafungwa kufuli.

Wapo wanaotuambia tuhame. Wazee wetu walishahamishwa, wakati wa Operesheni Vijiji ya 1974, wakapangwa bondeni. Mashamba yalibaki mlimani, wakarudi mmoja mmoja, nasi ni wajukuu wa waliorudi. Viazi, njegere na ulanzi tunaopeleka sokoni vinatoka huku, na chemchemi zetu hazikauki kiangazi. Mtu hawezi kuacha ardhi kama hiyo kwa sababu ya kona moja ya barabara.

Siku hizi kuna m-mama. Mjamzito akipata dharura unapiga 115 bila malipo, anatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jirani aliyesajiliwa, na familia haidaiwi nauli. Ni jambo jema sana, nami huwafundisha namba hiyo wote wenye mimba kijijini. Ila dereva huyo naye anahitaji pa kupitisha matairi, na mtandao wa simu tunaupata tukipanda hadi kwenye mwamba, nyuma ya kanisa.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, mwanamke pekee aliyesema siku ile, nikaomba tusianze na barabara nzima. Tuanze na kona ya mianzi iwekwe zege, na kijito cha chini yake kiwekwe kalavati. Mtendaji ameandika, barua imeshuka wilayani. Mawe na mchanga tutasomba wenyewe kwa msaragambo. Kinachotushinda ni saruji na fundi.