Nyanya Niliyemfuta kwenye Fomu

Fomu ya kuomba nafasi katika shule ile ya Kikristo ng'ambo ilikuwa na kurasa kumi na moja. Uongo wangu uko ukurasa wa nne.

Swali lilikuwa: ni nani wamemlea mtoto, na imani yao ni ipi? Niliandika kwamba binti yangu amelelewa na mimi na mamake peke yetu, hapa Kisauni, katika nyumba ya Kikristo. Kweli ni kwamba tangu miezi minne hadi Gredi ya 4 alilelewa Likoni na mama mkwe wangu, ambaye ni Mwislamu. Mimi nilikuwa na zamu Changamwe, mke wangu kazini mjini, na Jumapili nyingi hatukuwa na nafasi hata ya kuvuka feri kumwona.

Jumapili hizo, mama akishaswali alfajiri alipiga pasi gauni la mjukuu wake, akamsuka upya, akamshika mkono mpaka lango la kanisa la jirani. Hakuingia. Alimwambia tu, "Nenda ukamsikize mwalimu wako," na saa sita alimrudia. Mistari ya Biblia aliyokaririshwa binti yangu, aliyemsikiliza akiirudia barazani ni yeye, huku akikanda unga wa mahamri.

Ada ya maombi ilipotushinda, alitutumia akiba yake ya chama kwa M-Pesa. Nililipia fomu kwa pesa za mtu niliyemfuta ndani yake.

Mchungaji aliponiandikia barua ya kunidhamini aliniuliza, "Na mama wa Likoni umemtaja?" Nikamjibu kwamba nafasi ya kuandika haikutosha. Chini ya jibu langu kulikuwa na mistari sita mitupu. Akatia sahihi kwa kuniamini.

Niliogopa. Baadhi ya shule za Kikristo zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa wamishonari, kama Rift Valley Academy ya hapa kwetu, Kijabe, mwaka wa 1906, nami nikajiambia kwamba wakisikia mtoto amelelewa na Mwislamu watamweka kando. Maelezo yao sikuyasoma hadi mwisho. Walisema wazi kwamba wanapokea watoto kutoka jamaa za imani nyingine.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Nakaa karibu na Kengeleni, palipopata jina lake kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka wa 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Ukurasa wa tatu wa fomu ulitaka insha ya mzazi, nikaandika habari za William Jones, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na wamishonari huko Nashik, India, akarudi pwani yetu na kuwekewa mikono mwaka wa 1885. Niliandika kwa uchungu jinsi watoto kama yeye walivyotengwa na jamaa zao. Kisha nikafungua ukurasa wa nne.

Siku ya mahojiano ya video mwalimu alimuuliza binti yangu, kwa upole, ni nani aliyemfundisha kuomba. Nilikuwa nimemwonya asimtaje nyanya. Ana miaka 13. Akanigeukia, akanitazama, na macho yale ninayo mpaka leo. "Nyanya," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza yote: gauni, lango la kanisa, baraza.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Imani ya nyanya haikuwa kizuizi kwao. Kizuizi kilikuwa sahihi yangu chini ya habari isiyo kweli, na nafasi ikaenda. Walikuwa na haki. Shule nyingine tutatafuta. Kinachoniuma ni kwamba nilimketisha mtoto mezani nikamfundisha kumkana aliyemlea.

Jumamosi moja tukavuka feri, mimi na yeye. Nilimwambia mama kila kitu bila kupunguza. Hakupandisha sauti. Alijifuta unga mikononi, akasema, "Niletee hiyo fomu niione."

Kiingereza hakijui, kwa hivyo akamwita mjukuu wake amsomee. Walipofika ukurasa wa nne nilisimama nitoke. "Kaa, baba," mama akasema. Nikakaa. Binti yangu akaitafsiri sentensi yangu kwa Kiswahili, polepole, bila kuruka neno.