Meli Inayomeza Ndege

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja nyumbani hivi karibuni kuleta sura ya tatu ya tasnifu yake. Alinikuta barazani, kibano mkononi, nikigandisha mzinga mdogo kuliko punje ya mchele. Akaniamkia, akaketi, akaitazama meza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa adabu iliyoanza kumshinda: "Mwalimu, hii si manowari ya wakoloni?"

Ndiyo. Ni HMS Illustrious, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, katika kipimo cha 1 kwa 700. Meli halisi ilikuwa na urefu wa meta 225 hivi. Yangu ina sentimita 32. Mtu mzima katika kipimo hicho hafiki milimita 3. Nimekuwa nikiiunda tangu likizo ndefu, usiku, baada ya kusahihisha mitihani, na vumbi la mji huu limekuwa adui mkubwa kuliko gundi.

Swali lake lilikuwa la haki, nami sikumjibu vizuri siku ile.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini, Mombasa, miaka ya vita kuu ya pili. Alizoea kutusimulia kwamba aliwahi kuona meli bapa kama meza, yenye mdomo juu ya sitaha unaomeza ndege. Na kwamba kabla ya kumezwa ndege hizo zilikunja mbawa nyuma kama nzi anapotua. Tulicheka. Wajomba, watu wazima waliosoma, walicheka zaidi yetu. Katika ukoo wetu, "meli ya babu" likawa jina la uongo wowote mkubwa. Alifariki tukiwa bado tunacheka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ughaibuni, niliingia katika duka la vifaa vya kuchezea kujikinga na baridi. Rafuni palikuwa na kisanduku chenye picha ya meli bapa. Nilipofungua maelekezo nikaiona lifti: kipande cha sitaha kinachoshuka na ndege hadi bandani chini. Nikaziona pia ndege za Swordfish, zenye mbawa mbili mbili, zilizosanifiwa kukunja mbawa nyuma ubavuni ili zienee humo. Nilikilipia kisanduku kile kwa fedha ya chakula cha wiki.

Historia yenyewe imo vitabuni, ila hatufundishwi. Mwezi Aprili 1942 ndege kutoka manowari za Japani zilishambulia Colombo, kisha Trincomalee. Tarehe 9 ya mwezi huo ziliizamisha HMS Hermes, meli ya kwanza duniani kusanifiwa tangu mwanzo kwa kazi ya kubeba ndege. Ilizama ikiwa haina ndege hata moja ya kujilinda. Baada ya kipigo hicho kundi la manowari za Uingereza la Mashariki likarudi nyuma hadi Kilindini. Mwezi Mei, Illustrious na mwenzake Indomitable walishiriki uvamizi wa Madagaska. Bandari yetu ikawa ngome ya bahari nzima.

Kuunda meli hii kumenifunza ukali ambao taaluma yangu ya siasa hunisamehe mara nyingi. Sitaha yake ilikuwa na bamba la chuma la milimita 76, na banda la ndege lilizungushiwa kuta za chuma. Kwa uzito huo ilipangiwa ndege 36 tu. Wasanifu waliuza idadi wakanunua uhai, na mwezi Januari 1941, karibu na Malta, mabomu ya Wajerumani yaliipiga vibaya wala haikuzama. Ukitaka kujua rangi ya ubavu wake ilikuwaje mwaka fulani, huna budi kutafuta picha ya mwaka huo. Kudhani hakutoshi. (Laiti wanaoandika ripoti zetu za maendeleo wangelazimika kugandisha kila sentensi kwa kibano!)

Kisanduku kina mizinga, mashua, ndege, hata bendera. Mabaharia huuzwa kando, wamekatwa katika bati jembamba la shaba. Makuli sijawaona wakiuzwa popote. Lakini meli yenye watu zaidi ya elfu moja hula, hunywa, huhitaji risasi na mafuta, na huko Kilindini mizigo ilihitaji migongo ya watu. Migongo hiyo haikuwa bubu: makuli wa Mombasa waligoma mwaka 1939 hata serikali ya kikoloni ikaunda tume ya uchunguzi, na mwaka 1947 mji mzima ukagoma.

Mwanafunzi alirudi wiki iliyopita kuchukua sura yake. Nikamsimulia habari za babu. Hakucheka. Akauliza babu alisimama wapi alipoiona ile lifti, juu ya meli au chini. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Basi nimeamua kuunda tishali ubavuni mwa meli, kwa vipande vya plastiki vilivyobaki, na juu yake watu kumi na wawili wa uzi wa shaba. Wanne wamekwisha simama. Wa tano anaanguka kila gundi inapokauka, na mwanafunzi, ambaye mkono wake hautetemeki kama wangu, ameomba ajaribu yeye.