Siku Mbili Oldonyo Sambu

Msafiri atokaye Arusha kwenda Namanga huipita Oldonyo Sambu kwa dakika chache, akili yake ikiwa imekwisha tangulia Longido au mpakani. Sisi, mume na mke, tulikwenda kukaa siku mbili nzima, kwani ami yetu alikuwa ametuitia nyumba na shamba la kulima, nasi tulikuwa na neno la kuamua. Umbali ni kama kilometa 30 tu, hivyo sala hatukuzifupisha.

Baada ya Ngaramtoni migomba hupungua, na ardhi huanza kukauka. Mvua zitokazo upande wa bahari huangukia zaidi kusini na mashariki mwa Mlima Meru. Upande huu hupata masalio. Hata hivyo watu hulima mahindi na maharage, na mabua hayatupwi, bali hulishwa ng'ombe. Asubuhi tulitembea na ami mpaka mwisho wa shamba, tukisimama kila alipokutana na jirani. Salamu za Waarusha na Wamaasai haziharakishwi. Wadogo huinamisha kichwa waguswe utosini. Tulipenda jambo hilo kuliko mandhari yenyewe, ingawa Meru, wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500, ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Punda waliobeba madumu ndio waliotukumbusha lililotuleta. Miamba ya volkano ya Meru hutia floridi katika maji ya chemchemi na visima vingi vya eneo hili. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya kandokando ya mlima huu hukivuka. Meno ya rangi ya kahawia, ambayo watu wa mbali huyacheka, si uchafu: huharibika yangali ndani ya ufizi, utotoni, na floridi ikizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Binti yetu ana miaka mitatu.

Shangazi alituambia kuwa yeye huchemsha maji ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini floridi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi ukali. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi nayo mara nyingi huwa na floridi. Tulilisema hili kwa adabu, maana makande yalikuwa mbele yetu, na yalikuwa matamu.

Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Jioni, baada ya Maghribi, tuliizunguka nyumba kwa tochi pamoja na ami. Bati ni zima, mifereji hakuna. Tulikubaliana kwamba kabla ya masika tupate bei ya mifereji na ya tangi la lita 5,000, kisha tuhesabu kama litatosha kunywa na kupikia mpaka vuli. Udhu na mifugo vitaendelea kutegemea punda.