Duka Limejaa, Pesa Haiko

Wasee, leo ni hesabu kidogo. Msitoroke.

Garissa, watu wakiona madera yamening'inia mpaka mlangoni wanasema mwenye duka ameomoka. Habaryar wangu anauza nguo Soko Mugdi na wanamwona hivyo tu. Juzi alitaka kukopa mzigo mwingine wa Idd kule Eastleigh, nikamwomba daftari kwanza. Uhasibu niliuacha mwaka wa pili, lakini kugawanya najua.

Stoki ni 900,000. Wateja wanadaiwa 240,000. Keshi na M-Pesa, 60,000. Jumla 1,200,000. Deni la kulipa ndani ya siku 30 ni 600,000. Gawanya: 2. Mali mara mbili ya deni, kitabuni hiyo ni poa kabisa.

Sasa toa stoki, kwa sababu muuzaji wa jumla hapokei dera kama malipo. Inabaki 300,000 kwa 600,000, yaani 0.5. Waulize wafugaji wa huku: ukame ulioanza 2020 ulipokolea, mtu alikuwa na ng'ombe wengi lakini kila mtu anauza na wote wamekonda. Utajiri upo, bei haipo.

Halafu angalia kasi, hapa ndipo mimi nilishtuka. Nguo anazouza kwa mwezi zilimgharimu 150,000, so stoki ya 900,000 inakaa miezi 6. Anakopesha 80,000 kwa mwezi, so hilo deni la 240,000 ni la miezi 3. Yeye anatakiwa alipe kwa mwezi mmoja! Na faida anapata, usidhani hapati.

Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Wasambazaji wakakosa kulipwa, 2017 rafu zikabaki tupu, Januari 2018 korti ikaiweka chini ya msimamizi.

Nikamwambia, "Habaryar, anza kudai." Akaniangalia. "Hawa ni watu wetu. Mama yako alipolazwa, nani alichanga?"

Hiyo hakuna uwiano unaipima, na ana haki. Lakini wa Eastleigh hakuchanga, na anataka pesa yake.

Tukakubaliana achukue nusu ya mzigo. Mimi nimepewa majina 11 ya kupigia simu. La kwanza ni mwalimu wangu wa duksi.