Nusu ya Bamvua

Kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huikariri methali isemayo kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huitumia kupambia insha, hupata alama zake, kisha hukua na kuhitimu. Aghalabu mwanafunzi huyo hajawahi kusimama kwenye tezi ya chombo chochote, wala kuiona hiyo ngama panapotuama maji. Anaijua bahari kama mtu anavyomjua jamaa aliyefariki kabla yeye hajazaliwa: kwa kusimuliwa.

Ndivyo alivyokuwa binti mmoja wa Lucky Summer. Mtaa huo uko katika eneo bunge la Ruaraka, mashariki mwa jiji la Nairobi, si mbali na Baba Dogo na Korogocho. Jina lenyewe maana yake ni kiangazi cha bahati, nalo limetungwa kwa lugha ya watu wenye majira manne. Wakazi wake huyapima majira kwa vumbi na matope, na kwa moshi wa jaa la Dandora pepo zinapoelekea kwao. Binti huyo alilelewa kwa Kikamba nyumbani, Sheng barabarani na Kiswahili sanifu darasani. Alipojiunga na shahada ya uzamili alichagua kuchunguza taswira za bahari katika ushairi wa Kiswahili. Alikuwa na umri wa miaka 27, na bahari hakuwa ameiona.

Sura yake ya tatu, yenye kurasa 34, ilihusu neno bamvua. Alidai kuwa bamvua ni taswira ya neema: maji yanayojaa na kufurika hadi ufuo ukamezwa. Kwa msingi huo, kila mtunzi aliyemfananisha mtu na bamvua alikuwa akimsifu. Msimamizi wake aliisoma sura hiyo, akaandika pambizoni swali moja tu: "Umeiona wapi?"

Swali hilo lilimnyima usingizi. Nauli haikuwepo. Mamaye, ambaye ana kibanda cha mboga karibu na steji, alikuwa akingoja zamu yake ya kupokea mchango wa chama cha akina mama. Fedha hizo zilikwisha kupangiwa kazi: mabati ya paa. Alizipokea Jumapili jioni, akazihesabu mara mbili, akampa bintiye. "Mvua ni ya Oktoba," alisema. "Nenda urudi kabla haijaanza."

Basi mnamo Agosti 2023 binti alivuka mpaka wa Namanga, akapita Arusha hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo akaabiri boti ya Unguja. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, aliupitia kwa siku moja. Msitu wa Jozani na kima punju wake aliutazama kwa saa mbili. Shabaha yake ilikuwa Jambiani, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichoko kusini mashariki mwa kisiwa.

Alipokelewa na bibi mmoja mkulima wa mwani. Baada ya shikamoo na marahaba, binti alitoa zawadi aliyoichukua Nairobi. "Bibi, nimekuletea leso." Mjukuu wa bibi alipoona kitambaa kikubwa chenye pindo na jina kikikunjuliwa, aliangua kicheko. Kule leso ni kitambaa kidogo cha kufutia jasho. Ile aliyoileta ni kanga. Binti aliona haya, ingawa neno lenyewe halikuzaliwa Nairobi wala Unguja. Lililetwa na Wareno, pamoja na meza na bendera, na hadi leo mtoto wa Brazili, ambaye lugha yake ni Kireno, angeyatambua yote matatu. Hata muhogo wa nazi waliokula mchana huo asili ya zao lake ni Amerika Kusini, na mkorosho uliowapa kivuli asili yake ni pwani ya Brazili. Vyote vilivuka bahari kwa merikebu za Wareno, vikawa vya Waswahili.

Asubuhi ya pili mwezi ulikuwa mchanga. Yapata saa nne, bibi alimwita wafuatane na wanawake wengine. Binti alipofika ufuoni alisita. Hapakuwa na maji. Mchanga mtupu ulitandaa zaidi ya kilomita moja hadi kwenye mwamba, na juu yake ngalawa zilikuwa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka.

"Bahati yako," bibi alimwambia. "Umeikuta bamvua."

"Lakini bibi, maji yametoka. Bamvua si kujaa?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Kujaa na kupwa, mwanangu. Yakijaa sana, yatapwa sana. Riziki yetu sisi iko kwenye kupwa."

Ndipo alipoelezwa kuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa tofauti ya karibu mita 4. Katika siku za maji mafu hayatoki vya kutosha, na mashamba ya mbali hayafikiki. Kilimo hicho cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, vikavunwa baada ya wiki sita hivi, vikaanikwa na kusafirishwa ng'ambo, ambako kiini chake hutiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Aina yenye bei nzuri zaidi hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na joto hilo limeongezeka. Bibi alimwonyesha kamba tatu zilizobaki tupu, akapita bila kusema neno.

Jambo jingine lilimshangaza. Wanawake wale walipozungumza naye alielewa kila neno, lakini walipozungumza wao kwa wao alipotea kabisa. Hicho kilikuwa Kikae, lahaja ya kusini mashariki mwa Unguja. Ikumbukwe kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Binti alikuwa amekuja kwa woga, kama mgeni anayekwenda kwa wenye lugha. Kumbe hata hapo, mwendo wa saa chache kutoka mjini, watu wana lugha ya shule na lugha ya ufuoni. Jioni bibi alimwuliza, "Na nyinyi kwenu mwasemaje?" Akamsemea Sheng kidogo. Wakacheka wote, na safari hiyo hakuona haya.

Aliporejea Nairobi aliiweka sura ya tatu mezani, akaisoma upya. Ilikuwa nusu ya ukweli. Mashairi aliyoyaona kuwa ya sifa yalibeba pia onyo: anayejaa kuliko wote ndiye atakayepwa kuliko wote. Kuiandika upya kulimaanisha kuyakosa mahafali ya Desemba, kulipa karo ya ziada, na kuahirisha kazi ambayo nyumba nzima ilikuwa ikiitarajia. Alimweleza mamaye kibandani, akitazama chini.

Mama aliendelea kufunga mafungu ya sukuma wiki. "Fungu la mboga halikaguliwi juu tu," alisema hatimaye. "Ukijua chini kumeoza, utamuuzia mtu?"

Sura iliandikwa upya. Ukurasa wa kwanza wa tasnifu hiyo unawashukuru watu wawili wasiofahamiana, mkulima wa mwani na mwuza mboga. Mvua ilifika kabla ya mabati, na usiku mwingi wa Novemba binti aliandika huku sufuria mbili zikikinga matone kando ya meza.