Nesi wa Daftari la Kifua Kikuu

Kijana anayesomea uuguzi leo akifundishwa kwamba muuguzi mmoja amfuatilie mgonjwa tangu ugonjwa ugundulike hadi apone, hudhani jambo hilo limeletwa na semina. Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zililijua zamani. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, Dk. Karel Styblo akiwa mshauri, na nguvu yake kubwa ilikuwa daftari pamoja na nesi aliyelishika. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alichomwa streptomycin kila siku. Sindano za kioo zilichemshwa, chumba kikanuka spiriti tangu asubuhi, na kila dozi ikatiwa alama kwenye kadi. Makohozi yalipimwa tena kwa tarehe iliyopangwa. Mgonjwa wa Songe, wilayani Kilindi ambayo enzi hizo ilikuwa bado sehemu ya Handeni, aliporuhusiwa kurudi kwao alipewa barua ya kupeleka zahanati ya karibu, ili jina lake lisipotee njiani. Asipofika, palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza yuko wapi, hata kwa balozi wa nyumba kumi.

Wapo wanaosema hayo yaliwezekana kwa sababu ugonjwa ulikuwa mmoja na wafadhili walikuwepo, tena watu walilazwa muda mrefu mashamba yao yakiota magugu. Hilo la mashamba ni kweli, na kuruhusu dawa zimezwe nyumbani kulikuwa haki. Ila kliniki za dawa za VVU, zilizoanza 2004, zimethibitisha kwamba si lazima kumlaza mtu ili kumfuatilia. Kliniki hiyo, CTC kwa kifupi, ina kadi, ina miadi, ina anayemtafuta mtoro.

Mgonjwa wa sukari au presha hana bahati hiyo. Hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga, hurudi na karatasi, na aliyemwandikia rufaa hajui kama dawa zilipatikana. Inaudhi, maana majengo yameongezeka na kompyuta zimeingia, lakini kompyuta haiendi kijijini Kwamsisi kumuulizia mtu. Tunaambiwa wauguzi ni wachache. Ndiyo, na mgonjwa aliyeachwa hadi akapata kiharusi au kidonda cha mguu huwachosha wauguzi hao hao wodini wiki nzima nzima. Halmashauri zianze na wagonjwa wa sukari: kila mmoja apangiwe muuguzi mmoja, jina na namba yake ya simu viandikwe kwenye kadi, na kazi hiyo ihesabiwe katika zamu zake.