Koma na Nukta

Mwaka 2011 nilikuwa Sinza, Dar es Salaam, na kompyuta ya kuazima, nikiandika sabtaito za filamu za Bongo. Tuliziandika kwa Kiingereza, kwa tamaa ya soko la nje, na maneno yenyewe yalichomwa ndani ya picha. Ukikosea umekosea, DVD imeshafika Kariakoo. Kwa hiyo siku nilipopewa kazi ya kuandaa faili la manukuu ya Kiswahili, lile linalokaa pembeni ya video na mtazamaji akaliwasha au kulizima apendavyo, nilishangilia. Kosa la leo ningelirekebisha kesho.

Sikujua kwamba faili nalo lina bawabu wake.

SRT ni maandishi matupu: namba ya kipande, chini yake muda wa kuanza na wa kuisha, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Basi. Ila kabla ya milisekunde hukaa koma: 00:14:07,250. Mimi nikatia nukta, ambayo ni ya WebVTT, na hiyo nayo haipokelewi mpaka ianze na neno WEBVTT juu kabisa. Huduma niliyokuwa nikipakia kwake ikanirudishia faili zima na kunitajia mstari mmoja wenye kosa. Nikiutengeneza, inanitajia unaofuata. Nipo intaneti kafe, nalipia kwa nusu saa.

Likapita mwishowe. Nafungua video, ng'ombe wa kwenye filamu amekuwa ngâ€™ombe. Nilizoea kujisifu kwamba Kiswahili hakina herufi za matata. Kumbe programu ya kuandikia barua ilikuwa imeipinda ritifaa bila kuniuliza, faili likahifadhiwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa mfumo mwingine wa herufi. Tangu hapo ritifaa zangu zote zimenyooka kama msumari.

Balaa kubwa lilikuwa muda. Nilipanga maneno kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde, mteja akawa na nakala ya 23.976. Mwanzoni huoni kitu. Lakini kufika dakika ya 60, maneno yametangulia kwa dakika mbili na nusu hivi, na msiba ukatangazwa mgonjwa akiwa bado kwenye teksi. Mteja hakucheka. Nilirudia filamu nzima kwa mkono, kipande kwa kipande, nikisikiliza kila sentensi mara tatu. Nililaani sana usiku ule.

Kuna jambo jingine, na hili silisimulii kwa majigambo. Baadhi ya mafaili yalikuja na mabano: [mlango unagongwa], [mtoto analia]. Nikaona ni mapambo, nikayafuta ili faili liwe safi. Nilikulia kwenye mabanda ya video, enzi Lufufu akitutafsiria filamu kwa sauti yake, na haikunijia kwamba yupo mtu ambaye banda zima lile kwake lilikuwa kimya.

Siku hizi sigusi koma. Mashine inasikiliza, inaandika, inapanga muda, inakata mistari isizidi herufi 42, inatoa faili lisilo na doa. Napakia, alama ya kijani inatokea kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Zamani filamu moja ilinila siku nne. Sasa nafanya tatu kwa siku, na nikisema nimezitazama zote nitakuwa mwongo.

Mwezi uliopita mteja akanipigia. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Kaka, hebu angalia dakika ya 31." Nikaangalia. Baba anaingia mlangoni na mkate kwapani, mtoto anapiga kelele, "Baba amekuja!" Chini, kwa herufi nyeupe zilizopangwa vizuri: Baba amekufa!

Mwenye masikio alicheka akaendelea na filamu. Lakini aliyemweleza mteja habari hii ni mama mmoja kiziwi, aliyesema alitumia nusu saa akijaribu kuelewa kwa nini marehemu anakula chakula cha usiku na familia yake.

Nikafungua faili, nikaondoa f, nikaweka j. Nikapakia upya. Likapokelewa papo hapo, alama ya kijani, kama lilivyopokelewa mara ya kwanza.